Chupa ya Mama Pazia na Kuku wa Mwanangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeshtuka tangu asubuhi na mshtuko haujatoka mwilini. Ndiyo maana naandika.

Mwanangu kaja mbio, hata viatu hakuvua, akasema Bosi wake atakuja kula kwetu Jumapili. Kwetu! Kwenye meza hii hii ninayokatia vitambaa vya sare za shule!

Bosi ndiye mwenye mkahawa ambako mwanangu anamenya vitunguu, mwaka wa tatu sasa. Mpishi mkuu anaondoka. Wanaoitaka nafasi ni wawili: mwanangu, na jamaa mmoja mwenye cheti na kofia ndefu. Mwanangu hana cheti. Ana mkono. Mkono huo kautoa kwangu, wala sijisifu, nasema tu ilivyo.

Jiko la mkahawa linabandikwa vigae wiki nzima. Kwa hiyo Bosi kaamua kila mmoja ampikie nyumbani kwake. Sahani moja, chupa moja, basi. Sahani iwe kuku wa viungo vya Asia, mkali wa kutoa machozi, maana ndicho wateja wanachokiulizia. Chupa iwe mvinyo unaopatana na ukali huo. Tena uwe wa bei ambayo mtu aliyetoka kazini anaweza kuagiza bila kumeza mate kwanza. Hilo la bei Bosi kalikazia sana, mwanangu anasema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama yake anaujua mvinyo. Akanitazama. Akauliza tangu lini. Nikamjibu kuwa mama hatangazi kila anachokijua.

Ukweli wangu na wewe, shajara: sijui kitu. Ila mvinyo nimeuona, kwenye kabati la vioo la Mama Pazia, na macho ninayo.

Nikatoka uani kuanika. Mama Pazia naye yuko upande wake wa ukuta, anaanika. Tunamwita hivyo kwa sababu hubadilisha mapazia kila mwezi, halafu huacha madirisha wazi ili mtaa mzima tujue. Sikutaka kumwambia. Nilimwambia. Nikasema mwanangu anakuwa mpishi mkuu na bosi wake anakuja kula kwangu, tena kaomba mwenyewe.

Akasema hongera, shoga. Kisha, bila kuulizwa, akaingia kwenye habari za chupa yake. Ile aliyoletewa na shemeji yake kutoka ughaibuni. Kioo cha kijani kilichokolea kama usiku, maandishi ya dhahabu yasiyosomeka. Miaka yote imekaa kabatini kati ya seti ya vikombe na picha ya harusi. Haijawahi kufunguliwa. Kila wiki huipangusa vumbi kama anamwosha mtoto uso. Kasema mvinyo ndio ule, na hivi vya madukani ni maji ya kusuuzia sufuria.

Roho ikaniuma. Nikamkaribisha Jumapili, yeye na mumewe, waje washuhudie wenyewe.

Mdomo wangu huu! Siku moja nitaushona kwa cherehani.

Jumanne, 4 Juni

Mwanangu kafanya majaribio jikoni kwangu. Kuku kamkata vipande, kamloweka kwenye tangawizi, vitunguu saumu, mchuzi wa soya, asali na ndimu. Kisha mchaichai. Kisha pilipili, zile nyekundu ndogo zenye hasira. Juu kabisa, ufuta uliokaangwa. Kikaango kilipopata moto nyumba nzima ilipiga chafya. Mzee wangu, baba wa huyu mtoto, ambaye ni fundi saa na hufanyia kazi pale dirishani, alipiga chafya akapuliza skrubu ya saa ya mteja. Hadi sasa yuko chini ya meza anaitafuta kwa magoti.

Kuku ni mtamu! Nililia nikila, nikala nikilia.

Halafu mwanangu akatoa chupa aliyoichagua. Jana jioni na leo asubuhi alikuwa kwa muuza mvinyo, kaonja, kauliza, kaonja tena. Nilikaa tayari kwa kushangilia.

Mungu wangu! Kioo cheupe. Ndani maji ya rangi ya majani makavu. Na kizibo, jamani, cha kuzungusha! Kama cha mafuta ya kupikia!

Nikamuuliza kama muuza mvinyo ana ugomvi na sisi. Akanieleza polepole, utadhani mimi ndiye mtoto. Kwamba pilipili haipatani na mvinyo mzito. Inataka mweupe, wenye utamu wa mbali, kileo kidogo, uchachu kama wa ndimu, na uwe baridi sana. Utamu unautuliza moto, uchachu unasafisha mafuta ya kuku mdomoni, unatamani tonge jingine. Kwamba ule mwekundu mkavu, unaoukausha ulimi, ukikutana na pilipili ni kama kuzima jiko kwa mafuta ya taa. Na kwamba mvinyo wa namna hii, kwa bahati nzuri, ndio wa bei ndogo.

Nikaitikia kila neno. Moyoni nikasema mtoto kadanganywa. Mvinyo wa kweli ni mwekundu, nani asiyejua? Kwenye picha zote za watu wanaokula vizuri, glasi ni nyekundu.

Alhamisi, 6 Juni

Leo siwezi kusema vizuri. Kuandika naweza.

Nimenunua chupa yangu mwenyewe, kwa siri. Mwekundu, mzito, kizibo cha kung'oa kama inavyotakiwa. Cha kung'olea sikuwa nacho, nikatumia bisibisi ya mzee wangu. Nusu ya kizibo ilitoka, nusu ikaingia ndani. Nikachuja kwa kitambaa. Nikakaa mezani na kipande cha kuku kilichobaki, kidole kidogo juu, kama mtu wa kwenye picha.

Kuku kwanza. Moto wa kawaida, wa kuvumilika.

Kisha nikapiga funda kubwa la mwekundu.

Salaale! Sijui nieleze vipi. Moto uliokuwa umekaa ulisimama, ukavaa viatu, ukaanza kukimbia. Ulimi ulikauka kama turubai. Masikio yalivuma. Nilipotafuta maji mkono ulishika glasi ile ile, nikanywa tena! Mzee wangu aliponikuta, ulimi nilikuwa nimeuzamisha kwenye bakuli la maziwa mgando na machozi yanadondokea humo humo.

Akauliza kuna nini. Sikuweza kujibu, nikaonyesha kwa kidole. Yeye akadhani namkaribisha. Akala, akanywa. Akaizunguka meza, akaizunguka tena, akatoka nje akasimama na mdomo wazi akiupa upepo.

Alipopata nafuu alisema si vizuri kumwaga kitu kilichonunuliwa. Akaichukua chupa, akakaa nayo barazani bila kuku. Alirudi ndani anaimba. Mzee wangu akionja kileo lazima aimbe, tena ule wimbo mmoja tu anaoujua, na anaujua nusu.

Basi. Kuhusu mwekundu, mwanangu kasema kweli. Kuhusu kizibo, bado hajanishawishi. Ulimi wangu umekufa. Nimeweka chumvi juu yake, sikuhisi. Nimeweka sukari, sikuhisi.

Ijumaa, 7 Juni

Nashindwa kukaa. Nina mpango!

Mchana Mama Pazia kagonga mlango, kavaa nguo za safari. Wanakwenda yeye na mumewe kwa dada yake, wanarudi kesho jioni. Kaniachia ufunguo nimwagilie maua yake ya ndani. Kaongeza kuwa nisiguse kabati. Kwani nani kataja kabati?

Mlango ulipofungwa, mpango ukanishukia mzimamzima, kama gauni lililokatwa likashonwa na kupigwa pasi.

Sikiliza. Ule mvinyo wa mwanangu ni wa bei ya chini, ndivyo Bosi anavyotaka. Lakini Bosi ana ulimi. Akionja kitu cha kizibo cha kuzungusha atakijua. Sasa, kama ndani ya chupa ile ile ya mwanangu utakuwamo mvinyo wa ughaibuni wa Mama Pazia? Bosi ataona chupa ya bei ndogo, ataonja kitu cha kifalme, atasema huyu kijana ana kipaji, kaipata wapi! Kazi imepatikana. Na ule wa mwanangu nitauhamishia chupa ya Mama Pazia, ambayo hafungui hadi siku ya kiyama. Kioo chenyewe cheusi, nani ataona? Nani ameibiwa? Hakuna. Vitu vimebadilishana makazi tu.

Darasani niliacha mapema, ila akili yenyewe haikuacha. Iliendelea peke yake.

Jumamosi, 8 Juni

Imekwisha! Safi kabisa!

Mwanangu alikwenda sokoni kuchagua kuku, mzee wangu alikuwa bado na skrubu yake. Nikaichukua chupa kutoka kwenye friji, na jagi, na faneli, vyote ndani ya kapu la nguo. Kwa Mama Pazia mapazia mwezi huu ni ya manjano. Nilivua ndala mlangoni ili nisiache alama. Kabati halikufungwa. Nikashangaa, mtu na majivuno yote yale!

Karatasi ya dhahabu shingoni mwa chupa ilitoka yenyewe nilipoigusa. Ilinukia chokoleti. Kizibo nacho nilikitoa kwa vidole viwili, bila bisibisi, bila jasho. Nikasema moyoni, ndiyo tofauti hiyo. Chupa za heshima hazipigani na mtu.

Nikamimina kwenye jagi. Si mwekundu! Ni wa rangi ya dhahabu, umekolea kidogo kuliko wa mwanangu. Nilifurahi nikakaribia kupiga vigelegele kwenye nyumba ya watu. Nikaonja. Ulimi bado haujafufuka, sikupata ladha yoyote. Pua nayo imejaa pilipili tangu Jumanne, ila kwa mbali nilipata harufu ya majani. Nadhani ndio ubora huo. Kitu kizuri hakipigi kelele.

Wa ughaibuni ukaingia chupa ya mwanangu. Wa mwanangu ukaingia chupa ya Mama Pazia, ukafika shingoni. Kizibo, karatasi ya dhahabu, nikaipangusa kwa khanga. Ikarudi kati ya vikombe na bibi harusi. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Hapo ndipo nilipokisifu kile kizibo cha kuzungusha: unafungua, unafunga, hakisemi kwa mtu.

Nilifika nyumbani nikakumbuka sijamwagilia maua. Nikarudi.

Chupa nimeizungushia kitambaa kibichi cha sare, nikaisukuma ndani kabisa ya friji. Mwanangu kaniuliza cha nini. Nikamwambia kinaongeza baridi. Akanikumbatia, akasema bila mimi asingefika hapa. Machozi yalinitoka, tena safari hii si pilipili.

Jumapili, 9 Juni

Utanisamehe mwandiko.

Bosi alifika saa saba. Mwanamke mfupi, mkoba mkubwa, macho ya mkaguzi. Nilimpenda papo hapo na nikamwogopa papo hapo. Kabla hajakaa nilikuwa nimeshamweleza kuwa mwanangu alitembea mapema kuliko watoto wote wa mtaa, na alimenya kiazi kabla hajajua kusoma. Mwanangu akakohoa huko jikoni. Mzee wangu akamwonyesha Bosi saa ya ukutani akasema kaitengeneza mwenyewe, na saa ikasimama.

Bosi akasema jana alikuwa kwa yule wa kofia ndefu. Kuku hakuwa mbaya. Ila alinyweshwa mwekundu mkavu wa bei kubwa, na ulimi wake haujarudi vizuri. Nikataka kumwambia pole, mwenzangu, nayajua hayo. Nikajizuia. Nilijipongeza kwa kujizuia.

Kisha wakaingia Mama Pazia na mumewe. Mumewe tunamwita Mzee Taratibu, kwa sababu hata akiumwa na siafu huomba ruhusa kabla ya kujikuna. Mama Pazia kavaa hariri. Na mikononi, ndani ya mtandio, kama kichanga kilichotoka hospitali...

Chupa!

Nilikuwa na sinia. Sijui sinia lilifikaje mezani.

Akasema si adabu kuja mikono mitupu. Akasema pia, kwa sauti ya kusikika jikoni, kuwa huo mvinyo wa kijana ukishindwa basi mgeni asiondoke na kiu. Mbele ya Bosi! Mzee Taratibu alikuwa nyuma yake anatoka jasho hadi kwenye kola, anamnong'oneza wairudishe nyumbani, eti joto litaiharibu. Maskini, nikadhani anaionea uchungu. Nikamuunga mkono kwa nguvu zangu zote. Nikasema jamani, kitu cha heshima kama kile kifunguliwe kwa ajili yetu sisi? Kirudi kabatini! Mama Pazia akaniuliza tangu lini nikamhurumia mali zake. Akaiweka katikati ya meza. Mimi na Mzee Taratibu tukaitazama kwa jicho moja, bila kujua kwamba ni jicho moja.

Kuku akaja. Ah, mwanangu! Aling'aa kama viatu vya askari. Bosi akachukua tonge, akatulia. Machozi mawili yakamshuka. Akatikisa kichwa, akasema huyu kuku ana maneno ya kweli. Akanyoosha mkono kutafuta glasi. Mwanangu akamimina, kitambaa bado kimezungushiwa chupa, macho yake kwa Bosi tu.

Mimi nikafumba macho nisubiri sifa.

Nikasubiri.

Nikasubiri tena.

Nikafumbua. Bosi alikuwa anaitazama glasi kama mtu aliyesalimiwa na kiti. Akauliza kwa upole kama hii ni chai.

Chai!

Mwanangu akanyakua glasi, akaonja, akabadilika rangi. Chai ya rangi, baridi, sukari kidogo. Akaifungua chupa kitambaa, akainua juu kwenye mwanga. Akasema hajui, hajui kabisa, aliiacha sawasawa. Mimi ndiye niliyepigwa na butwaa kuliko wote! Mvinyo wa ughaibuni, chai? Miaka yote ile anapangusa chai? Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na sikuruhusiwa kufanya hata kimoja.

Mama Pazia alisimama kama mshindi wa mashindano. Akasema tusihangaike, yeye yupo. Akamwamuru mumewe afungue. Mzee Taratibu akasema kizibo kimegoma. Hakuwa amekigusa. Mama Pazia akakivuta mwenyewe, kikatoka pwa!, akammiminia Bosi.

Bosi akala kuku. Akanywa. Akafumba macho. Akala tena, akanywa tena. Akasema huu ndio. Ndio huu aliokuwa akiutafuta: moto unakuja, unapozwa, unatamani tonge jingine. Akauliza unaitwaje, unapatikana wapi. Mama Pazia akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema haupatikani, shemeji yake aliutoa ughaibuni, bei yake hata haitajiki mbele ya watoto.

Bosi akaweka glasi chini. Akasema basi haumsaidii. Alitaka wa bei ya mteja wake. Kuku ni mzuri, lakini aliomba vitu viwili na kimoja hakipo. Akaanza kuutafuta mkoba wake.

Mwanangu alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono ameikunja ndani ya aproni, vilevile alivyosimama darasa la kwanza siku alipopoteza penseli. Niliona moyo wangu unashuka hadi kwenye ndala.

Ndipo Mzee Taratibu, mtu asiyesema, akapiga kelele. Alikuwa ameichungulia glasi ya Bosi, kainusa, kaonja kwa ncha ya ulimi. Akasema haiwezekani! Mle mna chai! Kaiweka yeye mwenyewe kwa mkono wake!

Mama Pazia akageuka polepole kama mlango wa benki.

Yakatoka yote. Aliinywa mwaka ule ule ilipoletwa, kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Ilipoisha akatia chai. Tena isiharibike huibadilisha kila mwezi, siku ile mkewe anapopanda kwenye kigoda kutundika mapazia, maana akiwa juu pale hageuki. Shingoni karudishia karatasi ya chokoleti. Sasa chai imegeuka mvinyo na yeye anaogopa, anataka kwenda kulala.

Mzee wangu alimtazama kwa heshima kubwa. Sijawahi kuona akimtazama mtu vile.

Mwanangu akaja mezani, akaonja glasi ya Bosi. Akasema taratibu kuwa huu ni wake. Ni ule wa kizibo cha kuzungusha. Angeutambua hata akiwa usingizini.

Wote wakatazamana. Kisha wote wakanitazama mimi. Kwa nini mimi? Katika chumba chenye watu sita!

Ningeweza kusema sijui. Nilishafungua mdomo niseme. Lakini mkoba ulikuwa begani kwa Bosi, na mwanangu bado alikuwa ameikunja mikono. Nikasema. Ufunguo, faneli, jagi, yote hadi ndala za mlangoni. Mama Pazia aliita jina la Mungu kwa kila hatua. Nilipofika mwisho nikaona haitoshi, nikamgeukia Bosi. Nikamwambia, mama, umeunywa huu mvinyo ukidhani ni wa kifalme na umeusifu kwa mdomo wako. Jirani yangu kaumimina, kauita wa ughaibuni. Sasa ukiwa na kizibo cha kuzungusha ladha itakimbilia wapi? Mwanangu aliuchagua yeye. Upumbavu ni wangu, ulimi ni wake.

Bosi alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani pilipili. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akashika meza, akacheka hadi saa ya ukutani ikaanza kutembea tena. Akamwuliza mwanangu bei ya chupa. Mwanangu akaitaja. Bosi akauvua mkoba begani, akakaa, akaomba paja jingine.

Mpishi mkuu! Mwanangu! Aanze siku ya ufunguzi, Jumatatu ya tarehe 17, vigae vikikauka.

Kwa sharti moja. Mama yake asikanyage jiko la mkahawa. Bosi kalisema akitabasamu, lakini kalisema.

Jumanne, 11 Juni

Mama Pazia kabadilisha mapazia kabla mwezi haujafika hata katikati. Meusi. Kasema hataki kuiona ile chupa machoni pake, nikae nayo, na ufunguo kaufuata mwenyewe. Mimi nimemwambia anishukuru, bila mimi angepangusa chai hadi uzeeni. Hajanishukuru. Watu wengine hawana shukrani.

Chupa imebaki na nusu. Nimeiweka juu ya kabati langu la nguo, nyuma ya maboksi ya vifungo, na karatasi yake ya dhahabu.

Mzee Taratibu kafukuzwa nyumbani mchana kutwa, kwa hiyo anashinda barazani kwetu. Yeye na mzee wangu wananong'ona kama wasichana wa shule. Nilipowapelekea chai walicheka hadi wakashindwa kunywa. Ni vizuri mzee wangu apate rafiki. Saa zake zinachosha.

Mwanangu kanisamehe. Kaniambia nisirudie tena. Nimeapa kwa mkono juu ya cherehani.

Jumapili, 16 Juni

Kesho ndiyo siku! Shati jeupe la mwanangu nimelishona mwenyewe, vifungo vya lulu, na kofia. Kofia ni ndefu kuliko ya yule mwenye cheti. Nimepima.

Nimefikiri sana wiki hii. Sharti la Bosi lilihusu jiko. Ukumbi wa wateja hakuutaja! Basi kesho nitakaa mezani kama mteja yeyote, ndani ya mkoba wangu iko ile chupa ya kijani. Mhudumu akija na mvinyo wa mwanangu kwa meza za jirani, mimi nitajitolea kuwamiminia kutoka chupa yenye maandishi ya dhahabu. Ikiisha, naijaza chini ya meza kwa faneli. Mvinyo ni ule ule! Hakuna anayedanganywa. Wanasaidiwa tu kuheshimu wanachokunywa. Yale ya Jumapili iliyopita yaliharibika kwa sababu ya Mzee Taratibu, si kwa sababu ya mpango. Mpango haukuwa na kasoro.

Basi jioni hii nimeishusha chupa nijaribu. Karatasi ya dhahabu ilitoka yenyewe. Kizibo kikatoka kwa vidole viwili. Ulimi wangu sasa ni mzima. Nikaonja.

Chai!

Nimekaa chini sakafuni. Chai ya rangi, sukari kidogo! Kwenye chumba changu! Nyuma ya maboksi yangu!

Mama Pazia huyo. Kalipiza kisasi. Ameingiaje sijui, dirishani labda, na miguu yake mifupi ile. Nimemwita mzee wangu aje aone ubaya wa binadamu. Akaja, akaitazama chupa, akasema loo, watu wabaya sana. Kisha akarudi barazani kwa Mzee Taratibu. Namsikia kutoka hapa, maskini, anajikaza asihuzunike. Anaimba ule wimbo wake nusu.

Kesho jioni Mama Pazia atatoka kwenda kwa dada yake, nimemsikia akisema. Ufunguo hana budi kumwachia mtu. Na mimi mvinyo wangu nitaurudisha, maana lazima kauficha mle kabatini kwake.

Faneli nimeshaiosha.